Kitufe cha Karibu

Kosa lenyewe lilikuwa kosa la adabu, na ndiyo maana hakuna aliyeliona. Laiti Mabula angekuwa mkorofi, mtu wa kuwaacha wageni wasimame mlangoni, pengine asingepatwa na lolote. Lakini alilelewa vizuri, maskini.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, iliyokata reli ya Kaliua na kuiacha Mpanda peke yake na matope yake. Ushirika wa warina asali ulimwajiri Mabula ahamishe programu yao ya kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa ya kioo cheusi na herufi za kijani, kila kitu kwa kugonga vibonye, mausi haikuijua. Ilipokea majina ya wafugaji nyuki, uzito wa asali na uzito wa nta, na tangu ilipotengenezwa haikuwahi kukosea hesabu. Ila wafadhili walikuwa wameleta mashine mpya zenye Windows, na mwenyekiti alitaka programu ifanane na mashine: rangi ya kijivu, visanduku, vitufe vya kubonyeza kwa mausi. Kazi ya Mabula ilikuwa kuchukua skrini moja moja ya zamani na kuichora upya kwa zana mpya alizojifunza Mwanza, bila kuharibu kilichomo ndani.

Sasa programu ile ya zamani ilikuwa na tabia moja. Kila asubuhi ikiwashwa, iliandika neno moja katikati ya kioo: HODI. Kisha inatulia. Mama Matilda, karani wa ushirika, anaandika SUBIRI, anagonga enta, na kazi inaanza. Ukiandika neno jingine lolote, inajizima.

"Kwa nini subiri, mama?" Mabula alimuuliza siku ya kwanza.

"Ndivyo Yotham alivyotufundisha," Mama Matilda alisema, huku anamenya muhogo wa kuchemsha juu ya meza ya ofisi. "Yeye ndiye aliyeitengeneza. Mkonongo mmoja mkimya, mtoto wa warina asali. Siku hizi yuko Kigoma, sijui Kasulu, hata salamu haleti. Alisema hodi ikija, jibu ni hilo. Mimi nikajibu. Miaka tisa hii najibu. Mtu akishakuonyesha kazi yake utaanza kumhoji?"

Mabula akacheka, akafungua maandishi ya programu ili aone inavyofanya. Mahali inapongoja jibu alipaona upesi. Mahali inapoandika HODI hakupaona. Akatafuta faili hadi faili, mchana kutwa, kwa macho na kwa mashine yenyewe. Neno lile halikuwa limeandikwa popote. Programu ilijua kungoja jibu tu; nani aliyekuwa anauliza, haikusema.

Hapo mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Lakini watu wa kompyuta wana ugonjwa wao: jambo wasilolielewa huliita takataka ya mtu aliyewatangulia. Mabula akaliita takataka, akaendelea na kazi.

Na tusimlaumu sana, alikuwa na haraka ya haki. Nyumbani kwake, mtaa wa Nsemulwa, mkewe Hana alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikuwa wameoana miaka sita. Mimba mbili zilitangulia na zote zilitoka kabla hata hazijaonekana vizuri chini ya khanga, na kila mara Hana alikaa siku nyingi ameelekea ukutani, hataki chai, hataki uji, hataki pole za mtu. Hii ya tatu ilikuwa imeshikilia. Mabula alitaka amalize kazi, akae karibu na mke wake, ampokee mtoto wake. Hakuwa na hamu nyingine duniani.

Basi akachora kisanduku cha kijivu, kizuri, chenye kivuli pembeni. Juu akaandika HODI, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ya zamani. Chini akaweka kitufe kimoja. Na chini ya neno hodi, mtu aliyelelewa na watu anaandika nini? Mgeni gani anaambiwa subiri, subiri, miaka tisa? Akaandika KARIBU, kwa herufi nzito, akaona imependeza.

Ijumaa mchana alimwita Mama Matilda aje ashuhudie. Akaisogeza mausi, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaoisimulia habari hii vilabuni huongeza radi na taa kuzimika. Taa haikuzimika. Programu ilifunguka vizuri, na Mama Matilda akapiga makofi kwa furaha. Kisha akainua pua.

"Nani anachoma nta?"

Mabula naye akaisikia. Ulikuwa moshi wa warina, ule wa magome mabichi wa kufukuzia nyuki mzingani, umechanganyika na asali iliyoungua. Lakini asali haikuwepo. Barabara zilikuwa mbovu, na ghala lilikuwa tupu tangu mvua zianze. Akaenda kuchungulia, akakuta kufuli mahali pake. Aliporudi, kiti cha wageni, kile kinachokaa ukutani, kilikuwa mbele ya meza yake.

"Umekivuta wewe, mama?"

"Kiti gani?" Mama Matilda aliuliza, na alipokiona akarudi nyuma hatua moja.

Jumatatu walipowasha mashine, kisanduku kilitokea na kitufe chake, lakini juu ya kitufe palikuwa patupu. HODI haikuwepo. Mabula akafunga, akaingia kwenye mchoro aliouchora kwa mkono wake, akaliona neno pale pale alipoliweka. Akawasha tena. Patupu. Akawasha mara ya tatu. Patupu.

"Si ameshaingia," Mama Matilda alisema. "Mtu akishaingia hapigi hodi tena."

Alikuwa anatania. Lakini utani ukamfia mdomoni, wakatazamana. Mabula akaiendea ile mashine ya zamani, akaifunua kitambaa, akaiwasha, akaita programu ya Yotham kama ilivyokuwa, ambayo hakuwa ameigusa hata herufi. Kioo cheusi kikawaka kijani, na programu ikaingia moja kwa moja kwenye kazi bila kuuliza, bila kungoja, kama nyumba ambayo mlango wake umeachwa wazi.

Mama Matilda akachukua mkoba wake na mwavuli. "Kichwa kinaniuma, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi naenda nyumbani."

Jioni Mabula alitembea kwa miguu kurudi Nsemulwa, matope mpaka kwenye vifundo. Alikuta Hana ameandaa chakula, amekaa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani. Sahani zilikuwa tatu.

"Mgeni wako anakula dagaa?" Hana alinong'ona. "Maana ndiyo mboga niliyo nayo."

"Mgeni gani?"

"Huyo uliyekuja naye. Nimewasikia mkipangusa matope mlangoni, wewe na yeye. Au ameenda uani?"

"Hana, nimekuja peke yangu."

Hana akamtazama kuona kama anatania. Kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, na mkono wake ukaenda wenyewe tumboni. Hawakula sana. Sahani ya tatu hakuna aliyethubutu kuiondoa, ikalala pale mkekani imefunikwa. Asubuhi waliikuta imeoshwa, imekaushwa, imegeuzwa kifudifudi kama afanyavyo mgeni mwenye adabu zake. Hana ndiye aliyeiona kwanza. Alikaa chini sakafuni.

Tangu siku hiyo harufu ile ya moshi ikahamia kwao. Ilikaa kwenye mapazia, kwenye mto, kwenye maji ya kunywa. Na juu kwenye kenchi, chini ya bati, ukaanza mvumo mdogo, wa mbali, wa nyuki wengi waliofungiwa mahali. Mabula alipanda juu ya stuli kwa tochi, akamulika pembe zote, asione hata nyuki mmoja, na kila alipomulika pembe moja mvumo ulihamia nyingine, taratibu, bila haraka, kama mtu anayempisha mwenye nyumba afanye kazi zake.

Sasa Mabula alikuwa na desturi. Giza likianza kuingia, kabla hawajawasha taa, Hana hulala chali na yeye huweka sikio juu ya tumbo lake, amsikilize mtoto akicheza. Jumatano ile aliweka sikio kama kawaida, kwa sababu alihitaji kusikia jambo jema walau moja kwa siku, na mtoto akapiga teke, na Mabula akatabasamu, halafu mtoto akatulia ghafla, kimya cha mtu aliyeshtuliwa, na mvumo uliokuwa kwenye kenchi ukanyamaza, ukaanza chini, chini kabisa, chini ya sikio lake, kwenye joto la ngozi ya mke wake, ukavuma kidogo, ukakoma, na katika kukoma kwake akasikia sauti ya mtu, ya upole, kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, ikisema: "Hodi."

"Kuna mtu nje," Hana alisema, ameinua kichwa kuelekea mlangoni, maana yeye aliisikia ikitoka huko, na kwa mazoea ya maisha yake yote akafungua mdomo ajibu, na herufi mbili za kwanza za neno zilikuwa zimeshatoka pale Mabula alipomrukia na kumziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu kiasi kwamba meno yake yalimkwaruza, na wakabaki hivyo, macho kwa macho gizani, yeye akitikisa kichwa, usiseme, usiseme, mama, usiseme, na hodi ya pili ikaja, ya adabu zaidi kuliko ya kwanza, na baada ya muda ule ule ambao mtu mstaarabu huuacha, ikaja ya tatu. Kisha kimya. Mtoto akapiga teke.

Mabula akamwachia. Akamweleza yote: kioo cheusi, kitufe, kiti, neno lililotoweka. "Nilimkaribisha mimi, Hana. Sebuleni ameshaingia. Sasa anaomba chumba cha ndani."

Hana hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu. "Wawili wa kwanza walikwenda hata hakuna aliyeniuliza," alisema. "Huyu simwachii mtu. Hata kama nitafunga mdomo kwa kitambaa mpaka siku ya uchungu. Lakini ukinisikia nimelala naongea, Mabula, uniamshe. Niamshe hata kwa kofi."

Mabula hakulala. Kulipopambazuka tu alikuwa mlangoni kwa Mama Matilda. Yule mama alimsikiliza huku anajifunga na kujifungua kitambaa cha kichwani, kisha akasema kuna mtu ambaye Yotham alikuwa anamwendea zamani, mambo yake yakimzidi.

Mtu mwenyewe alikuwa Dafrosa, Mfipa, muuza mitumba wa sokoni. Mama mnene mwenye rozari shingoni na sauti ya kuitia wateja hadi ng'ambo ya soko. Mchana anauza sketi na sidiria, na wenye shida zao wanamjia pembeni. Alipomwona Mama Matilda na kijana aliyevimba macho alicheka.

"Huyu namtafutia suruali au dawa?"

Mabula akasimulia, kwa kunong'ona, ameinama juu ya marobota ya nguo. Alipofika kwenye kitufe, Dafrosa aliacha kucheka.

"Umemwambia karibu? Kwa mdomo wako?"

"Kwa maandishi. Nikabonyeza."

"Kwani yeye hajui kusoma? Miaka tisa anasomeshwa na huyu mama hapa." Akashusha pumzi. "Yotham alivuna mzinga usio wake, msitu wa upande wa Sitalike. Mwenye mzinga akamfuata mpaka kwake. Jini. Kila jioni hodi, hodi. Nikamwambia, usimkaribishe, ukimkaribisha ni wako. Na usimfukuze, ukimfukuza utamkasirisha. Mwambie subiri. Ana adabu huyo, atasubiri. Yotham akachoka kusubirisha mtu mlangoni pake kila siku ya Mungu. Akaja akaniambia amemtafutia mlango mwingine, kwenye mashine ya kazini, na karani wa kumjibu. Nikamwambia, wewe una akili lakini roho yako mbaya."

"Yesu wangu," Mama Matilda alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nazungumza naye."

"Mfukuze, mama," Mabula aliomba. "Nakuomba. Mke wangu ana mimba."

"Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe anafukuzwaje? Huko kwenu Usukumani nyie mnafukuza wageni?"

"Hapana."

"Basi hata huyu hafukuzwi. Mgeni anasindikizwa."

Akamweleza, huku anapanga sketi zake, bila kumtazama. Atakayesindikiza ni yule yule aliyekaribisha. Ampe mgeni zawadi ya njiani, asiondoke mikono mitupu. Amfikishe upande alikotoka. Asigeuke kumtazama. Akiulizwa ajibu, lakini asitaje jina la mtu. Na asirudi mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi, maana ndivyo ilivyo, anayesindikizwa ndiye anayemwachia mwenyeji wake. "Ukimkimbia njiani kabla hajakuaga, mtarudi wote wawili, na safari hiyo atakuwa na kinyongo."

"Na asiposema rudi?"

Dafrosa alikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi utatembea, baba," alisema.

Kesho yake asubuhi Mabula alisimama katikati ya sebule na kidumu cha asali mkononi. Mama Matilda alikuwa amekuja kukaa na Hana. Wote wawili walikuwa chumbani, khanga midomoni. Mabula alijihisi mjinga. "Mgeni wetu," alisema, "umetutembelea, tumeshukuru. Twende nikusindikize."

Kiti kikalia. Mvumo ukashuka kutoka kwenye kenchi, ukapita karibu na shavu lake, ukatoka nje. Akafuata.

Alipita katikati ya Nsemulwa, akapita soko, akaishika barabara ya Sitalike, mvua inanyunyiza. Nyuma yake hatua zilikuja, chwa, chwa, kwenye matope, hatua za mtu asiye na haraka. Mwanamke mmoja mwenye kuni kichwani alimpisha njiani, akapisha nafasi ya watu wawili, kisha akatazama, akaangusha kuni zake, akakimbilia shambani bila kuziokota. Malori yalikuwa yamekwama, na matingo waliokuwa wakichimbua magurudumu wakanyamaza alipopita, mmoja baada ya mwingine, wakaziba pua. Mabula hakugeuka. Nyumba zikaisha, mashamba ya mahindi yakaisha, miti ya miyombo ikaanza kusogea pande zote mbili za barabara, na mahali fulani ambapo hapakuwa na mtu wala ndege sauti ya upole ikasema nyuma ya bega lake la kushoto kwamba njia imeharibika sana mwaka huu, na Mabula akasema ndiyo, imeharibika, ikasema kwamba dagaa walikuwa watamu, amwambie mama asante, akasema nitamwambia, ikauliza mama anajifungua lini, na hapo kidumu kikampiga pajani, akaona kwamba kusema uongo ni hatari na kunyamaza ni hatari, akasema Mungu ndiye ajuaye, na ikajibu ndiyo, ndiye ajuaye, na wakaendelea kutembea, yeye mbele na kitu kile nyuma, saa baada ya saa, mpaka miguu yake haikuwa yake tena, na kila alipofikia mti mkubwa aliomba kimoyomoyo kwamba hapa ndipo atakapoambiwa rudi, na mti ukapita, na mwingine ukapita, na akaanza kulia kimya kimya huku anatembea, akiwaza mtoto atakayezaliwa na kuambiwa kwamba baba yake alitoka asubuhi moja na asali mkononi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama pale hatua za nyuma ziliposimama.

"Basi, panatosha," sauti ilisema. "Umenifikisha vizuri. Weka hapo mzigo wangu, urudi, mvua isije ikakulowesha zaidi."

Mabula aliweka kidumu chini.

"Nami nimeshapajua kwako," ikasema, kwa furaha kabisa. "Mtoto akizaliwa nitakuja kumwona."

Alirudi kwenye lori la mahindi, meno yanagongana, dereva akidhani ni malaria. Nyumbani harufu ilikuwa imetoka, kenchi zilikuwa kimya, na Hana alikuwa amelala usingizi wa kweli. Ofisini Mabula alifuta kisanduku chote, hodi na kitufe chake, akaifanya programu ifunguke yenyewe. Mwenyekiti akaisifu. Lakini Mabula alipomwendea Dafrosa na shukrani zake, yule mama alimuuliza jambo moja tu: mgeni alisema nini mwisho mwisho? Akamwambia. Dafrosa akashika rozari.

"Ameahidi, na mwenye adabu akiahidi anakuja. Msikilizeni vizuri nyie wawili. Mpaka mtoto afikishe arobaini, hodi isiitikiwe kwa mdomo nyumbani mwenu. Neno karibu lisisikike. Mtu akija, chungulieni dirishani. Mkimwona kwa macho, mtu wa nyama na damu, fungueni kimya, mumshike mkono mumwingize. Arobaini ikipita bila yeye kukaribishwa, atakata tamaa."

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, na sauti ya kupasua bati. Hana alicheka na kulia kwa pamoja. Mabula alimshika binti yake akaona kwamba hata angeambiwa atembee mpaka Sumbawanga na kurudi angetembea.

Na hodi zikaanza. Nani asiyejua nyumba yenye uzazi? Majirani na uji, akina mama wa kanisani na sabuni, watu wa ushirika, hodi asubuhi, hodi mchana, na ndani hakuna anayeitika. Pazia linasogea, mlango unafunguliwa bila neno, mkono unakuvuta ndani. Wengine walikasirika wakaondoka na uji wao. Nsemulwa nzima ikasema mke wa Mabula amepata mtoto mmoja na kiburi cha watoto kumi. Hana alisikia, ikamuuma, akavumilia. Na mara nyingine hodi ilikuja, wakachungulia, wakakuta uwanja mtupu. Basi walishikana mikono na mtoto katikati yao mpaka hodi ya tatu ipite.

Siku za mwisho za arobaini, treni ikaanza tena kufika Mpanda. Mama yake Hana hakungoja hata barua; alipanda akaja kumwona mjukuu wake, kutoka Maswa, siku tatu njiani.

Ilikuwa alasiri ya mvua. "Hodi! Hodi wanangu!" Mabula akachungulia dirishani, akamwona mama mkwe wake, khanga imelowa, kapu kichwani, peke yake chini ya mvua. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hakuna mtu. Akamwashiria Hana kwa kichwa, naye akafungua mlango kimya, akamshika mama yake mkono akamvuta ndani, huku anatabasamu, machozi yanamtoka.

Bibi hakutabasamu. Alisimama kizingitini, akamtazama binti yake, akamtazama mkwewe, akatazama midomo yao iliyofungwa.

"Hata salamu hamna?" alisema. "Nimetoka Maswa yote ile, hata neno la kumkaribisha mtu hamna? Sawa, mimi mama yenu mmenizoea. Na huyu baba wa watu aliyenionyesha njia kutoka stesheni, amesimama kwenye mvua kwa ajili yangu, nyie mnamtazama tu?"

"Mayu," Hana alisema. "Mama, usi..."

Lakini bibi alikuwa ameshageuka kuelekea mvuani, kwa aibu ya watoto wake, na sauti yake ilikuwa ya heshima.

"Uwasamehe, baba, ni watoto hawa. Karibu. Karibu ndani, uje umwone mtoto." Kisha akasogea pembeni, akavuta khanga yake, akampisha apite.